Chini ya Sifuri

Fundi alikuwa ameshavua mabuti na kuvaa kiatu kimoja cha kurudia nyumbani alipoitwa akalitazame tena lile tangi. Giza lilikuwa halijaingia. Taa za uani ndiyo kwanza zilikuwa zinawaka, moja moja, kwa uvivu wao wa kila siku.

Alinung'unika, kama ilivyo haki ya mtu yeyote aliyekwisha kuvaa kiatu kimoja, kisha akakivua. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa vipimo pale kiwandani. Kipimo cha joto kikisema uongo, anaitwa yeye. Cha mgandamizo kikigoma, anaitwa yeye. Wenzake walimwita Fundi, basi, na yeye aliitika hivyo hivyo mpaka sokoni.

Tangi lenyewe lilikuwa la kuchanganyia dawa. Chuma kitupu, refu kupita nyumba, limesimama juu ya miguu mitatu, na chini ya kila mguu pamewekwa sensa, kifaa cha kuhisi uzito. Kwa maneno mengine, tangi zima lilikuwa juu ya mizani saa zote. Ukimimina kitu ndani, namba ya kilo inapanda kwenye kioo. Ukitoa, inashuka. Uzito wa chuma chenyewe hauhesabiwi. Siku ya kulifunga tangi, mtu huingia chumba cha udhibiti, akabonyeza kitufe cha sifuri, na tangu hapo mizani hukichukulia kila kilichokuwa juu yake wakati ule kuwa si kitu.

Tatizo lilikuwa hili. Jioni, tangi likiwa tupu kabisa, namba ilishuka chini ya sifuri.

Hasi sitini na nane.

Inakaa hapo kitambo, halafu inarudi sifuri kana kwamba hakuna lililotokea. Sasa kitu kitupu kinapungua nini? Ukikomba sufuria hadi chini, bado unaweza kusema limebaki tupu, lakini huwezi kusema limebaki pungufu ya tupu. Fundi alilifikiria jambo hilo hadi kichwa kikamuuma.

Kilichomfanya arudi bila kugombana na mtu ni mdogo wake. Chiriku, walivyomwita kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko, ndiye aliyeendesha tangi hilo zamu za jioni. Fundi, dada yake, ndiye aliyemwombea kazi. Ndiye aliyembeba Chiriku mgongoni, baba yao alipofariki na mama akawa hana nguvu ya kubeba mtu. Wiki iliyopita, katikati ya kumimina asidi, tangi lilipungua ghafla. Valvu haina akili, inatii namba tu. Ikaona uzito umepotea, ikafunguka tena ili kufidia. Asidi ikazidi. Povu likapanda, likafumua kifuniko na kumwagikia mwenzao aliyekuwa kwenye jukwaa la juu ya tangi, na mikono yake mpaka leo imefungwa bandeji. Chiriku alikuwa ameshuka kidogo tu, kwenda kunywa maji.

Na jioni hii wangemimina tena. Mhandisi mkuu alishatoa amri kwa simu kutoka huko alikokuwa, mahali pasipo na povu. Jukwaani angekuwa Chiriku.

Fundi aliogopa. Hakumwambia mtu, ila aliogopa kiasi kwamba chakula cha mchana alikirudisha kama alivyokichukua.

Hakuwa amekaa bure wiki nzima. Alifungua kisanduku cha nyaya akitafuta unyevu, akakikuta kikavu. Alilegeza mabomba yote yaliyolishika tangi, asije akakuta bomba moja linalinyanyua. Alizima mafeni. Alibadilisha sensa zote kwa mpya, za mguu huu na huu na huu. Mwisho alining'iniza mawe ya mizani kwenye kulabu za jukwaa, yale mazito ya chuma ambayo uzito wake hauna ubishi, na namba ikasoma sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza.

Mizani ilikuwa nzima. Kila ilichosema kilikuwa kweli.

Hapo ndipo woga wake ulipobadilika rangi.

Alipoingia chumba cha udhibiti, Msimamizi wa zamu alikuwa ameegemea kiti akichezea simu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye cheko la karibu. Fundi akamwuliza kama alikuwepo siku tangi lilipofungwa na kuwekewa sifuri. Msimamizi akasema alikuwepo, hata picha anayo, akaanza kuitafuta kwenye simu huku akisimulia jinsi kreni ilivyotaka kuwaangushia chuma kichwani.

Picha ilikuwa ya furaha. Wanaume wamejipanga mbele ya tangi jipya, kofia ngumu kichwani, meno nje. Katikati pale palikuwa na nafasi. Wawili waliosimama kila upande wa nafasi hiyo walikuwa wameinua mikono na kuizungusha hewani, kama watu waliomkumbatia mwenzao begani. Lakini hapakuwa na mwenzao. Mmoja wa hao wawili alikuwa Msimamizi mwenyewe.

"Hapa ulimshika nani?" Fundi aliuliza.

Msimamizi akaitazama picha. Akaitazama sana. Cheko likamtoka usoni polepole.

"Tulikuwa tunataniana tu," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini... "Sikumbuki."

Akaiweka simu mezani kifudifudi, akaanza kujisugua mkono wake wa kulia, kuanzia begani kushuka chini. Fundi alipotoka alimwacha bado anajisugua.

Chiriku alikuwa chini ya tangi, karibu na kile kioo kidogo kinachorudia namba ya chumba cha udhibiti. Alianza kumtania dada yake hata kabla hajafika, kwamba anatembea kama amekanyaga misumari, kwamba akiolewa mume atamletea mizani jikoni ampimie unga. Fundi akamwekea kidole mdomoni. Namba ilisoma sifuri. Mwanga wa mwisho wa jua ulikuwa umetokea juu ya ukuta, mwekundu, na mashine zote zilikuwa zimezimwa kusubiri kazi ya jioni.

Wakasubiri.

Tang...

Ngazi ya tangi. Ile ya chuma, iliyochomelewa ubavuni.

Tang... tang...

Hatua za mtu anayeshuka. Nzito, bila haraka, kama za mtu aliyeshuka ngazi hiyo maisha yake yote. Hapakuwa na mtu kwenye ngazi. Harufu ikawajia kwanza, jasho lililolala ndani ya nguo na chuma kibichi. Kisha kitu kikakanyaga sakafu, mbele yao kabisa, na namba ikaanguka.

Hasi sitini na nane.

Chiriku alimshika dada yake mkono. Hakusema neno, na hilo peke yake lilitosha kumtisha Fundi. Hatua zikawapita. Zikaelekea chumba cha kubadilishia nguo, kule kwenye yale makabati ya chuma, mahali ambapo kuna kabati moja lenye kufuli ambalo hakuna mwenye ufunguo wake na hakuna aliyewahi kujisumbua kulivunja. Walisikia kufuli likitikiswa. Kwa upole. Kama mtu anayejaribu, ingawa anajua jibu.

Baadaye hatua zikarudi. Zikawapita tena, karibu zaidi safari hii. Tang, ngazi ikalia, na namba ikaruka, ikayumba, ikatulia.

Sifuri.

"Dada," Chiriku akanong'ona, "hiki ni kitu gani?"

Fundi alikuwa ameshaelewa. Alimvuta mdogo wake hadi nyuma ya mapipa ndipo akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Kuweka sifuri kuna sheria moja tu. Asiwepo mtu juu ya mizani. Aliye juu hushuka, hukanyaga sakafu, husema redioni "niko chini", ndipo kitufe hubonyezwa. Siku ile, baada ya picha, sheria haikufuatwa. Mtu alikuwa bado yuko juu. Mizani ikamhesabu pamoja na chuma, ikamfanya si kitu. Na sijui ni mkono gani mchafu ulikuwa umetembea juu ya chuma hicho kabla hakijafika hapa, maana tangi lilinunuliwa likiwa limeshatumika, lakini walimwengu nao wakamhesabu hivyo hivyo. Wenzake wakamsahau, mikono yao ikiwa bado begani mwake pichani.

"Kwa hiyo namba ikiwa sifuri..." Chiriku alianza.

"Yupo. Ikiwa hasi, ametoka."

Basi akampa mpango. Wangengoja atoke tena. Akitoka tu, Chiriku apande upesi akayaondoe mawe ya mizani ambayo dada yake aliyaacha kwenye kulabu jukwaani baada ya kuijaribu mizani tena alasiri, na uzito wake akautoa kwa muda kwenye hesabu ya kioo, ashuke, aseme redioni, naye dada yake aweke sifuri upya, tangi likiwa halina mtu. Akirudi baada ya hapo, mizani itamwona. Namba itapanda, valvu itajifunga, hakuna atakayeungua. Na huenda, Fundi akasema, huenda hata yeye mwenyewe ndicho anachokitaka, kuhesabiwa.

Chiriku akauliza kwa nini wasimwambie Msimamizi asitishe kazi. Fundi akamwambia ajaribu, yeye atasimama pembeni amsikilize akimweleza mhandisi mkuu kwenye simu kwamba tangi lina mtu wa kilo sitini na nane. Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko kisicho na pumzi.

Alimrekebishia ukanda wa kofia chini ya kidevu, kama alivyomfunga vifungo vya shati la shule zamani. Chiriku akamwambia aache, watu wataona.

Kisha Fundi akaenda zake chumba cha udhibiti. Msimamizi alikuwa ametoka. Fundi akasimama mbele ya kioo kikubwa, ufunguo wa mizani mkononi, redio mezani, macho kwenye namba. Dirisha lilitazama tangi, lakini mvuke wa bomba la karibu ulikuwa umepanda na jukwaa lilionekana kwa vipande vipande.

Namba ikaanguka. Ametoka.

"Panda," akasema redioni.

Chiriku akapanda, na redio ikajaa maneno. Kwamba ngazi ni ya baridi. Kwamba jiwe la kwanza hilo ametoa, amelitupa chini, samahani kwa kelele. Kwamba mama leo alisema atapika mapema, kwa hiyo wafanye haraka. Kwamba jiwe la pili limekwama, linakataa, linatoka, limetoka. Fundi alimsikiliza na roho ikamtulia. Alikuwa akiusikiliza mdomo huo tangu ulipoanza kusema.

Alikuwa na haraka. Yule anaweza kurudi dakika yoyote. Kwa hiyo akageuza ufunguo mapema, akaingia kwenye mipangilio, ili akisikia neno abonyeze mara moja. Ukishaingia humo, namba hupotea kwenye kioo. Inabaki alama ya kuuliza, inawaka na kuzima, ikisubiri.

Inawaka.

Inazima.

Redio ikanyamaza. Ikakwaruza.

"Niko chini," ikasema.

Sauti ya Chiriku. Fundi akabonyeza.

Kidole kikiwa bado kiko kwenye kitufe, ndipo ilipomwingia akilini. Mdogo wake hakuwahi, tangu azaliwe, kusema maneno mawili akanyamaza.

Akainua macho. Mvuke ulikuwa umepasuka kidogo. Chiriku alikuwa juu jukwaani. Alikuwa amekumbatia jiwe la mwisho kifuani, redio yake ikining'inia kiunoni, amemgeukia dada yake kupitia kioo cha dirisha. Mdomo wake ulikuwa unaenda. Alikuwa anasema kitu, haraka haraka, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya mtoto anayetaka kubebwa.

Fundi alifungua mdomo amwite.

Sifuri, kioo kikasema.

Mvuke ukafunga. Ukafunguka. Jukwaa lilikuwa tupu. Fundi alisimama pale mdomo wazi, akiwa amevuta pumzi ya kuita, na kwa muda akabaki anatafuta ni nini alichotaka kusema. Hakukipata. Akaufunga mdomo.

Mashavu yalikuwa yamelowa. Akayafuta kwa mkono wa ovaroli akidhani ni jasho la mvuke.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Msimamizi aliingia akicheka, mkono wake wa kulia ameuzungusha begani mwa mwanaume mmoja wa makamo, mwenye ovaroli ya rangi ya zamani na mabuti yenye maji. Alikuwa Koleo. Nani asiyemjua Koleo, mwendeshaji wa zamu za jioni tangu tangi lilipofungwa? Fundi alimwamkia kwa heshima kama siku zote. Akawaambia mizani imekaa sawa, bila shaka ulikuwa unyevu kwenye kisanduku cha nyaya, wanaweza kumimina. Msimamizi alimsifu. Koleo alikuwa anajitazama mikono, anaigeuza juu chini, anaigusa meza, anaugusa ukuta.

Walimimina jioni ile na asidi ikaingia kwa kipimo chake, bila povu, dawa ikatolewa, tangi likabaki tupu.

Fundi alifungasha vifaa. Alipokuwa anapita mlangoni, Koleo akamsogelea. Alikuwa na harufu ya jasho lililolala ndani ya nguo.

"Nisamehe, binti," akanong'ona. Hakuthubutu kumtazama usoni. "Na mimi nina watoto..."

Fundi akadhani anaombwa radhi kwa kuitwa wakati wa kutoka. Akamwambia asijali, mzee wangu, ndiyo kazi. Koleo akajishika mdomo, akageuka ukutani.

Uani redio ya Fundi ilianza kukwaruza. Mkwaruzo wa ajabu kidogo, wa haraka haraka, usiokata, unaopanda na kushuka kama mtu anayeongea bila kupumua. Aliisikiliza hadi kifua kikaanza kumbana, pasipo sababu. Akaizima. Wakati huo huo akaona kwa mbali, chini ya tangi, namba ya kile kioo kidogo ikishuka.

Hasi hamsini na tano.

Kumbe unyevu bado upo, Fundi aliwaza. Atautazama kesho. Akavaa viatu vyake vyote viwili, akaenda zake nyumbani, na njia nzima alitembea upande mmoja wa barabara, kana kwamba amemwachia mtu nafasi.

Mama alikuwa amekaa kitandani bila kuwasha taa. Chakula kilikuwa tayari, kimefunikwa, kingi kuliko cha watu wawili. Fundi akamwuliza kama anaumwa. Mama akasema haumwi. Alikuwa ameweka mikono tumboni, mmoja juu ya mwingine.

"Mwanangu," akasema, "nataka nikuulize kitu, usinicheke."

"Siwezi kukucheka, Mama."

"Mimi nilizaa wangapi?"

Fundi akakaa kando yake. Akamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Alimhurumia sana, akawaza ndiyo uzee unaanza hivi.

"Mmoja, Mama. Mimi tu."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtoto anayekubali somo asilolielewa. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. Hakugusa chakula. Alipojilaza aliuelekeza uso mlangoni.

"Leo usifunge mlango," akanong'ona.

"Kwa nini?"

"Sijui... Usifunge tu."

Fundi akamwahidi. Alikaa naye gizani hadi pumzi zake zikawa nzito. Alikuwa karibu kusinzia na yeye aliposikia hatua nje. Nyepesi, za kijana, zikija mbio kutoka barabarani. Zikapanda kizingiti. Zikasimama. Halafu, kwa upande wa pili wa ubao wa mlango, kukaanza mnong'ono wa haraka, usiokata, uliomsisimua mwili mzima, na mama yake akatabasamu usingizini.

Fundi aliinuka kwa ncha za vidole, akatia komeo.